Sebule ya Hatua Tatu kwa Mbili na Nusu

Mama Akello wangu,

Huko uliko najua unasema, "Huyu mzee ameanza tena." Ndiyo, nimeanza. Tangu juzi situlii. Nasimama, nahesabu hatua, nakaa, nasimama tena.

Unaikumbuka nyumba yetu ya kambi ya polisi, ile ya bati, ya duara? Pazia moja tu: nyuma kitanda, mbele sebule. Watoto wanne chini ya kitanda. Jua likiwaka ulikuwa unaniuliza, "Afande, hii ni nyumba ama sufuria? Tunaiva humu." Na mimi nikajibu kwa kifua: nitakupa sebule ya kuketi watu ishirini, wewe katikati kama malkia. Kambi nzima hakuna aliyenishinda kwa maneno makubwa.

Halafu ukafa. Fundi wa jeneza nilimpa kipimo mimi mwenyewe, maana Kampala hii hakuna anayepima kama mimi. Nimefundisha gwaride miaka na miaka, hatua yangu haikosei. Lakini mlango sikuupima. Mlango ule niliujua kwa mtu anayetembea tu. Wanaume sita walikugeuza huku na huku, bati likalia, mpaka nikasema, mwacheni nje. Ukalala chini ya turubai, karibu na sigiri yako ya makaa, mvua ikikunyeshea miguuni. Watu walisema si kitu. Ni kitu.

Sasa nimestaafu, na kambi inataka nyumba yake. Akello wetu, na vyombo vyake vya kuuza sokoni Kikuubo, amenitafutia fleti mpya mtaa wa Kansanga, hizi wanaita za bei nafuu. Choo ndani, maji yanatoka. Nikapiga hatua sebuleni: tatu kwa mbili na nusu. Nikalala chini kwenye vigae. Kichwani nikaacha hatua moja ya mtu kupita, viatu vikaingia jikoni.

Dada wa kutuonyesha nyumba akashtuka. "Ssebo, mzee, unaumwa?"

"Baba, amka! Unatuaibisha," Akello akasema.

"Napima."

"Unapima nini? Sebule ni ya sofa na TV."

"Sebule ni ya kupokea watu. Na siku moja watakuja kwa ajili yangu. Mimi nitakuwa wapi siku hiyo? Kwenye ngazi?"

Siku ya turubai Akello alikuwepo.

Wanaochora nyumba hizi wamesoma. Mimi nasoma kwa kidole. Lakini wamepima kitanda, wamepima sinki, wakasahau kwamba mtu ana siku yake ya kulala mbele ya wageni. Wangeniita, ningewaonyesha.

Nilikataa fleti. Usiku sikulala, nikiwaza: je, mtu akilazwa kimshazari? Jana asubuhi nikaomba ufunguo, nikaenda na mkeka wako, ule wa rangi nyekundu, urefu wake kama wa jeneza. Nikautandika kimshazari, kona mpaka kona. Ukatosha! Milango inafunguka, na pembeni vinaingia viti vinane, mradi sofa isiwepo.

Akello akafika na tepu ya kupimia sofa. Akauona mkeka. Alivua viatu, akapita pembeni, akaketi ukutani, tepu akairudisha mkobani.

"Haya, Baba," akasema. "Viti vya plastiki."

Fleti nimeikubali. Si watu ishirini, mama. Ni wanane. Lakini wewe umeingia ndani kwanza, na mkeka siuondoi.

Nilindie nafasi huko, isiwe finyu.

Mume wako, bado wima,
Afande