Mashine Ikipunguza Sauti Bwawani

Alhamisi. Ukungu haujaondoka mlimani, na baridi ya kipupwe imenilazimisha kuvaa sweta mbili.

Niwieni radhi kwa ukimya wangu. Sikuwa mgonjwa wala safarini. Nilikuwa na jambo ambalo sikulielewa, na sipendi kuandika nisichokielewa.

Sasa nimelielewa, nalo limekuwa zito zaidi.

Tangu nistaafu ualimu, mimi ni mwenyekiti wa kamati ya hospitali yetu ndogo. Maji taka ya wodi zote huingia katika bwawa la zege nyuma ya jengo. Humo mna vijidudu vinavyokula uchafu, navyo hufa visipopata hewa. Mashine huvipulizia hewa wakati wote, kisha maji yaliyosafishwa huteremka kijitoni, kwenye bustani za mboga.

Mashine hiyo hula umeme kuliko kitu kingine chochote tulicho nacho. Kwa sababu yake tumezima hita inayopasha joto maji na chumba cha wodi ya wazazi. Mama aliyejifungua huoga maji yaliyochemshwa kwa kuni, kuni zikiwapo.

Mhandisi Salma, aliyekuja kutukagulia bwawa, alinionyesha kasoro. Visahani vya mpira vinavyotoa hewa chini ya maji vimeziba, vingine vimechanika. Hewa hupanda kwa mapovu makubwa na kupotea kabla haijayeyuka majini. Anashauri tuvibadilishe, tuweke na kipimo cha oksijeni, ili mashine ipunguze mwendo hewa inapokuwa ya kutosha. Umeme utakaookolewa utairudisha hita.

Nilifurahi. Nikateremka naye kuwaarifu wakulima.

Nilikuwa nimesahau jinsi wanavyoyapima maji yetu. Huyapima kwa masikio. Asubuhi mtu husimama kwenye tuta, ndoo mkononi, akasikiliza. Mashine ikinguruma, huchota. Sauti ikififia, hurudi nyumbani. Desturi hiyo ilianza wakati umeme ulipokatika kwa muda mrefu, maji yakanuka, na mchicha wao ukakataliwa sokoni.

Mama Banzi alinijibu kwa niaba ya wenzake. Ukoo wake na wangu ni watani, kwa hiyo hanionei haya.

"Mtani, siku hizi unasinzia vikaoni? Mashine ififie, halafu mteja wa sokoni Mkuyuni nimwambie maji ni safi kwa kuwa Mwalimu kasema?"

"Haitazimika. Itanguruma polepole."

"Hata anayekata roho hupumua polepole. Basi ujue ukifa kwa aibu, kazi ya kukuzika ni yangu."

Walicheka, nami nikacheka. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mchicha ukikataliwa tena, Mwalimu, mimi sina pensheni."

Salma alimweleza kwa adabu kwamba hata sasa mashine inanguruma huku hewa nyingi ikipotea bure; kelele haithibitishi usafi.

Ni kweli. Lakini ukweli huo unawanyang'anya kipimo pekee walicho nacho.

Nimewaza tangu jana. Nitaiomba kamati kipimo cha oksijeni kiwekwe kwenye uzio, upande wa bustani, na Salma awafundishe wakulima kukisoma. Wakiona hewa imepungua, wawe na haki ya kutuamuru tuongeze mwendo. Mjumbe mmoja ameshaniuliza kwa kejeli tangu lini wauza mchicha wakaiamuru hospitali. Nimemjibu kwamba ni tangu walipoanza kumwagilia kwa maji yetu.

Kamati ikilikataa ombi hilo, sitaidhinisha matengenezo. Nimelisema hilo kwa uthabiti mbele ya watu. Asubuhi ya leo nimepita wodi ya wazazi, nikamkuta binti mdogo anamkanda mwanawe miguu kwa viganja ili apate joto, naye akaniamkia kwa heshima zote. Sikuweza kumtazama machoni.

Je, nina haki ya kumfanya huyu angoje ili yule aamini?

Tunakutana Jumamosi. Uamuzi ukishapatikana nitauandika hapa, hata kama utanipinga.