Sauti ya Mama Ukingoni mwa Sidii

Chumba cha tatu,
Juu ya duka la viatu.
Jumamosi, 14 Juni.

Mpendwa mdogo wangu Chiriku,

Hujambo huko uliko? Kile kikohozi kimekuachia? Na shemeji, bado anakula kama anakimbizwa? Sisi tu wazima. Baba goti linamsumbua, ila mdomo uko salama, anatugombeza sote kwa zamu.

Nina jambo, na nataka ulisikie kwangu kabla Shangazi hajakupigia simu. Ile sidii aliyorekodi Mama wiki yake ya mwisho, ambayo hakuna aliyethubutu kuisikiliza, nimeiharibu. Mimi, niliyefanya ufundi wa kompyuta miaka kumi na miwili!

Kaka alikuwa ameibandika stika ya karatasi, ikaanza kubanduka upande mmoja. Nilipoiingiza kwenye kompyuta ikayumba, mashine ikanguruma, haisomi. Nikaona mkorofi ni stika, nikaibandua. Ikatoka na kipande cha utando wa fedha, kama ukucha wa kidole gumba, pale ukingoni. Loo! Nilikaa kitako sakafuni.

Watu hulinda upande unaong'aa. Kumbe sauti iko upande wa juu, chini tu ya stika, kwenye vishimo visivyoonekana kwa macho. Sidii inazunguka, mwale wa leza unatoka chini, unapenya plastiki, unagonga fedha na kurudi. Mashine inasoma jinsi unavyorudi. Fedha ikitoka, hakuna kinachorudi. Haya nawafundisha wateja kila siku, na bado mikono ikanitangulia.

Tena sidii husomwa kuanzia katikati kwenda nje. Mama alizungumza nasi kwa kufuatana tulivyozaliwa. Kaka yuko ndani kabisa, mzima. Mimi nipo, mzima. Wewe kitindamimba uko ukingoni. Nilichochana ni maneno yako, Chiriku, na najua miaka yote hii unaamini Mama alikukasirikia ulipoondoka. Nisamehe, mdogo wangu. Nimelia mpaka Baba akaacha kugomba.

Lakini sikubali. Kila mzunguko leza ikifika penye pengo inapotea njia, ila mbele fedha ipo. Basi nimeilazimisha mashine isome polepole, ikishindwa irudie, hata mara mia. Moja imeshakufa, nimeazima nyingine mbili. Mwenzangu wa dukani, tunayemwita Miwani, kaniambia, "Dada, achana nayo, hiyo imekwisha." Nimemwambia ashike bisibisi yake aniache.

Baba, Kaka na Shangazi wanakusalimu sana. Msalimie shemeji. Mungu akutunze huko ugenini, akupe usingizi mwema.

Mpaka asubuhi hii nimepata vipande hivi. Nakuandikia kama vilivyo, mapengo nimeyaacha: "Chiriku wangu... siku ile sikutoka kukuaga... si hasira, mwanangu... nilikuwa jikoni, nalia... nilikuchungulia dirishani mpaka..."

Mashine bado inazunguka. Siizimi.

Wako akupendaye,
Dada