Mstari wa Ishirini na Tatu

Jumanne, 1 Julai 2025. Ruangwa

Wiki ya tano ya fildi. Situlii. Nimekaa, nimesimama, nimekaa tena — chumba hiki kina hatua sita kwa nne, nami nimezihesabu mara nyingi kuliko zinavyostahili. Mtu aliyesoma uchanganuzi wa kihisabati miaka mitatu, akathibitisha kwa mkono wake kuwepo kwa vikomo ambavyo hakuna jicho litakaloviona, leo amepewa kazi ya kupanga majina ya watoto kwa alfabeti! Ajira hazikunifikia, nikajiandikisha stashahada ya uzamili ya ustawi wa jamii, chuo kikanileta huku kwa mafunzo ya vitendo, nijifunze kusikiliza. Kana kwamba mimi ni kiziwi.

Msimamizi wangu, Bi Scholastika, ni afisa ustawi wa jamii mwenye miaka ishirini kazini. Huniita Profesa. Si kwa heshima.

Kazi yenyewe: madaktari bingwa wa macho watakuwa hospitali ya Nachingwea kuanzia tarehe nane hadi kumi na moja. Watachunguza watoto, na anayehitaji upasuaji atapasuliwa hapo hapo. Sisi tuna nafasi arobaini. Wahudumu wa vijijini wameleta majina arobaini na moja. Mmoja lazima abaki. Nani? Bi Scholastika anasema tutalia sana kabla ya kumkata mtoto. Mimi nasema tutafikiri.

Jumatano, 2 Julai

Nimempata! Wala hakuna wa kumlilia, kwa sababu hayupo.

Mstari wa 17: Mwanaima, miaka tisa, Mbekenyera, anaishi kwa bibi yake. Macho yanawasha. Mstari wa 23: Mwanaima, miaka tisa, Mbekenyera, bibi yule yule. Utando mweupe, jicho la kushoto. Mwandishi wa mistari yote miwili ni Saturnini, mhudumu wa kijiji. Kalamu mbili tofauti. Ni wazi: alimwandika mtoto siku moja, akarudi siku nyingine akamwangalia vizuri zaidi, akamwandika upya bila kufuta.

Sikuridhika na "ni wazi". Nimekokotoa. Katika rejista zetu, wasichana wenye jina hilo ni watatu katika kila mia. Wenye miaka tisa ni mmoja katika kila kumi. Zidisha: tatu kwa elfu. Huo ndio uwezekano wa nyumba yenye Mwanaima wa miaka tisa kuwa na Mwanaima mwingine wa miaka tisa. Kwa hiyo ni mtoto mmoja. Namfuta wa 23, na utando wake nauhamishia wa 17. Majina arobaini kamili, na mtoto wa Likunja aliyekuwa mwisho wa orodha amepata nafasi yake. Safi.

Alhamisi, 3 Julai

Mabishano ofisini, saa nzima. Bi Scholastika aliuliza jambo moja tu: umemwona huyo mtoto? Nikamjibu kwamba ushahidi wa namba hauhitaji bodaboda. Akasema Saturnini hapatikani kwenye simu, yupo shambani anapuliza dawa ya salfa kwenye mikorosho, basi niende mwenyewe, asubuhi moja tu. Nikamweleza matukio huru ni nini. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akimenya chungwa.

"Haya, Profesa. Futa. Lakini sababu uiandike hapo pembeni, na sahihi iwe ya kwako. Mimi siweki mkono wangu kwa mtoto nisiyemwona."

Nikaandika: Jina limerudiwa. Uwezekano wa kuwa watoto wawili ni 0.003. Nikatia sahihi yangu ndefu, ile ya cheti cha shahada. Kusema kweli nilifurahi. Ijumaa ijayo atajaza fomu yangu ya tathmini. Kafanyiwa kazi ambayo hakuna mwanafunzi wa fildi aliyewahi kumfanyia.

Jumapili, 6 Julai. Nachingwea

Nyumbani, siku moja. Misa, halafu ugali na kisamvu. Mama aliita, "Tadeo!" — tukaitika wawili, mimi na binamu yangu, mtoto wa mama mdogo Agatha. Vicheko vile vile vya kila likizo. "Ninamtaka wa kwangu, wa Lusiana," akasema mama. "Huyo wa Agatha aendelee kulala."

Binamu amevaa shati langu jeupe tangu Pasaka na hana mpango wa kulirudisha. Nimeondoka na basi la saa tisa, mapema kuliko nilivyoahidi. Siwezi kukaa mahali ambapo hakuna wa kubishana naye.

Jumanne, 8 Julai

Gari limekwenda Nachingwea na kurudi jioni. Mimi ndiye niliyesoma majina asubuhi, kijiji kwa kijiji, hadi Mbekenyera. "Mwanaima!" Akapanda mmoja, mnene kidogo, mwenye kucheka. Nyuma ya watu alisimama mwingine wa kimo chake, amegeuza kichwa upande kama kuku anayesikiliza. Dereva akapiga honi. Tukaondoka.

Kwa nini nimeandika habari ya huyo mwingine? Sijui.

Jumatano, 9 Julai

Orodha imerudi na maandishi ya daktari. Mstari wa 17: mzio, amepewa dawa ya matone. Chini yake: Utando — hakuna. Macho yote mawili ni mazima.

Bi Scholastika ameiweka orodha mbele yangu. "Utando umekwenda wapi, Profesa?"

Nimesema Saturnini alikosea kuandika. Nimesema labda ulikuwa uchafu. Nimesema mambo matatu au manne zaidi, kila moja likiwa dhaifu kuliko lililotangulia, na nilikuwa nimesimama nikiyasema. Utando wa namna ile hauyeyuki wenyewe. Kama haupo kwenye jicho hili, upo kwenye jicho jingine. Hiyo ni mantiki, hata mtoto wa darasa la tatu anaijua.

Kesho asubuhi naenda.

Alhamisi, 10 Julai. Mbekenyera, kisha Ruangwa

Nuhu, dereva bodaboda, alinipeleka. Vumbi mpaka kwenye meno. Nilimweleza njiani, ilinibidi nimweleze mtu. "Kaka, hapo umezingua," akapiga kelele ndani ya upepo. "Yaani hukwenda hata kupiga hodi?"

Bibi alikuwa anapepeta ufuta. Jina lake ni Mwanaima. Jina lake ni Mwanaima! Ana mabinti wawili, Mwamina na Mwanne. Kila mmoja alijifungua mtoto wa kike mwaka ule ule. Kila mmoja akampa mtoto jina la mama yake, kama inavyotakiwa. Kuna Mwanaima wa Mwamina na kuna Mwanaima wa Mwanne. Kijiji kizima kinajua hivyo. Saturnini hakukosea. Aliandika watoto wawili kwa sababu aliona watoto wawili.

"Mmoja mlimchukua," bibi alisema. "Mwingine hakuitwa. Nikasema basi, watarudi. Gari lilimleta mwenzake jioni, halikurudi tena."

Nikaomba kumwona. Alikuja yule wa Mwanne, kichwa upande. Jicho la kushoto lina doa jeupe katikati, kama tone la uji lililokauka. Nilipomnyooshea mkono kutoka kushoto hakuuona. Nilipohama upande wa pili akacheka, akadhani ni mchezo. Nikaucheza mara mbili. Sikuweza ya tatu.

Nimemwambia bibi ukweli: mimi ndiye niliyemfuta. Nikaanza na habari ya uwezekano. Akaniacha niendelee, ungo umetulia mikononi.

"Mjukuu wangu, umesoma mpaka wapi?"

"Chuo kikuu, bibi."

"Na huko hamkuwa na wajina?"

Nuhu akageuka akajifanya anakagua tairi.

Nilizidisha. Hilo ndilo kosa, na ni kosa ambalo ningemfelishia mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Unazidisha pale tu tukio moja halina habari na jingine. Mimi nilizidisha kana kwamba majina ya nyumba moja hutolewa kwa kurusha kete, wakati hapa jina la bibi ndilo linaloita majina ya wajukuu. Nyumba yenye Mwanaima mmoja ndiyo hasa nyumba ya kumtafuta wa pili. Na sikuhitaji kitabu kulijua. Nyumbani kwetu tupo Tadeo wawili kwa ajili ya babu, na Jumapili iliyopita nimeitika jina langu pamoja na mtu mwingine, mdomo umejaa ugali!

Nimempigia Bi Scholastika. Kesho ni siku ya mwisho ya madaktari. Hakunigombeza, afadhali angenigombeza. "Wapeleke alfajiri," alisema. "Wapeleke wote wawili, wasije wakakwambia hayupo."

Ijumaa, 11 Julai. Nachingwea, hospitali, saa tano

Naandika nikiwa kwenye benchi. Bibi upande wa kulia, Mwanaima wawili upande wa kushoto wanacheza kokoto sakafuni. Yule wa Mwamina anazirusha, yule wa Mwanne anazitafuta, kichwa upande.

Dirishani muuguzi alifungua nakala yao ya orodha. "Mwanaima, Mbekenyera? Ameshaonwa Jumanne." Nikasema wapo wawili. Akageuza karatasi, akaweka kidole pembeni ya mstari wa 23. "Hapa ofisi yenu imeandika jina limerudiwa. Imeweka na hesabu." Akasoma kwa sauti, nukta sifuri sifuri tatu, watu wote kwenye foleni wakisikia. "Nani kaandika haya?"

Nikasema mimi. Nikamwonyesha watoto. Akawatazama, mmoja, halafu wa pili. Akaingia ndani na karatasi.

Alirudi na majibu nusu. Ratiba ya upasuaji imejaa tangu jana. Saa nane madaktari wanafunga vifaa, na kurudi kwao si kabla ya mwaka. Jicho la mtoto lisipotumika, ubongo hulisahau. Mwaka ni mrefu mno. Daktari anataka barua ya ofisi inayosema kosa lilitoka wapi, ndipo aangalie kama anaweza kuongeza mmoja. Hajaahidi. Lakini muuguzi, akigeuka, aliuliza mtoto amekula saa ngapi. Bibi akasema tangu jana jioni hajala. "Basi asile," akasema. Asile! Hivyo huambiwa mtoto anayesubiri kupasuliwa. Neno hilo nimeligeuza mara ishirini. Sitaki kulikadiria kwa namba yoyote.

Bi Scholastika kwenye simu: "Iandike wewe. Sahihi ni ya kwako." Nikauliza habari ya fomu ya tathmini. Sijui kwa nini niliuliza. Akasema, "Andika kwanza, Tadeo." Hakusema Profesa.

Nimechana karatasi nne. Zote zilianza na "Kutokana na". Ya tano inaanza hivi: Nilimfuta mtoto huyu bila kumwona. Nimeipeleka dirishani saa nne na nusu.

Nimekwenda mpaka mlangoni na kurudi mara tisa. Bibi amenishika shati, amenikalisha.

Mlango umefunguliwa. Muuguzi ameshika karatasi, siwezi kuona kama ni barua yangu au ni orodha. Anaita, "Mwanaima!"

Wamesimama wote wawili.