Sahihi ya Mwenye Mbwa

2 Machi

Mjomba wangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, mgongo umetulia na gereji ina magari. Mimi sijambo, ila usingizi naupata kwa mafungu.

Nina shida. Utafiti wangu wa chuo unahusu watu na mbwa wanaokaa nao nyumbani: mtu anamwambia nini mbwa wake, mbwa anafanya nini, na kila mmoja anabadilikaje kwa sababu ya mwenzake. Nilihitaji nyumba kumi na mbili. Moja imejitoa, na jopo la walimu wangu linakaa mwisho wa Mei. Hapo mtaani kwenu, unamjua mtu aliyefuga mbwa angalau mwaka mzima, ambaye hatachoka kujaza ukurasa mmoja kila siku kwa wiki nne? Fomu nimeziweka humu humu. Mwambie aandike kilichotokea tu. Kama hakikutokea kitu, aandike "hakuna".

Najua wewe na mbwa hampikiki chungu kimoja, ndiyo maana naulizia jirani.

Mpwa wako

8 Machi

Mpwa wangu, msomi wa ukoo,

Marahaba. Mgongo upo, bado unanifuata kila niendako. Magari yapo, mengi yamekuja kwa kuvutwa na wenzao.

Sasa nisikilize. Unatafuta jirani wa nini wakati mjomba yupo? Mimi nina mbwa. Huu mwaka wa tatu niko naye. Sikukwambia kwa sababu sipendi kujisifu. Anaitwa Meneja, kwa kuwa analala kutwa akitazama wengine wanavyofanya kazi. Ni mweusi, sikio moja limesimama, jingine limekata tamaa. Hayo ya kwamba mimi na mbwa hatupatani ni ya zamani, kabla sijaendesha lori nchi saba na kukutana na mbwa wa kila aina, wengine wakali kuliko maofisa wa mpakani. Kuna mmoja alinisindikiza kilomita arobaini anakimbia pembeni ya lori, tena nilikuwa nimekanyaga mafuta mpaka chini. Mbwa wanawajua watu wakubwa.

Fomu nimeziona. Kazi ndogo. Wewe anza kushonesha gauni la kuhitimu.

Mjomba wako, nyumba ya kumi na mbili

6 Aprili

Mpwa wangu,

Hujambo? Umekula? Usinijibu kwa barua, kula kwanza.

Wiki nne zimekwisha, na fomu nimempa dereva wa basi akufikishie. Maswali yenu ya chuo ni mazuri ila yamepinda kidogo, nikayanyoosha. Palipoandikwa "Eleza hali ya mbwa" nimejaza kama ninavyojaza kadi ya gari linapoingia gereji. Taa za mbele zinawaka. Honi nzima. Breki za nyuma zinachelewa. Hakuna panapovuja, isipokuwa kwenye tairi za wateja.

Utaona siku ya pili Meneja alisikiliza redio pamoja nami, akaondoka ilipofika michezo, maana timu yetu imeshampa presha. Siku ya tano alinitafutia spana namba kumi na tatu. Nilikuwa nimemwagiza kumi na nne, lakini tusimdai mno. Siku ya tisa alimbwekea mteja aliyesema kazi yangu ni ya kubahatisha.

Wiki ya nne nimeandika kidogo. Usidhani nilichoka. Mambo ya wiki hiyo hayakutaka mapambo.

Mjomba wako, mtafiti

14 Aprili

Mjomba wangu,

Shikamoo. Nimekula, tena wali wa jana na wa leo.

Msimamizi wangu, yule profesa anayekagua kazi yangu, amesoma kadi yako ya gari akacheka mpaka akavua miwani. Halafu akaniuliza jambo ambalo hata mimi lilinisumbua. Chini ya kila ukurasa kuna mstari wa "Sahihi ya mwenye mbwa". Kurasa ishirini na nane, na wewe umeuacha wazi kwenye zote. Bila sahihi karatasi hazihesabiki. Nimezirudisha kwa basi lilelile. Tia sahihi tu, unirudishie kabla ya mwisho wa mwezi.

Spana namba kumi na tatu, Mjomba?

Mpwa wako

7 Mei

Mpwa wangu,

U mzima? Mimi mwili hauna neno. Wiki tatu nimezikalia karatasi zako na najua ulikuwa unazisubiri.

Kila nikishika kalamu, mkono unagoma. Miaka thelathini na moja kwenye magari nimetia chumvi mambo mengi: kasi ya lori langu, samaki niliyemvua, hata urefu wangu. Lakini sijawahi kutia sahihi mahali pa mwenye gari wakati gari si langu. Siwezi. Ningeweza, leo ningekuwa na magari ya watu kumi uani.

Meneja si wangu. Ni wa fundi cherehani wa mlango wa pili. Nilikuwa namwazima kila saa kumi jioni, na mimi naitia mafuta cherehani yake. Mbwa anafungwa kwenye nguzo ya geti, mimi napanda juu ya boneti la gari bovu na kalamu yangu. Yeye ananitazama, mimi namtazama, fomu inajaa. Redio, spana, mteja, vyote nilivitoa kichwani. Wateja walikuwa wanapita wanasalimia kama vile ni kawaida mtu mzima kukaa pale. Fundi cherehani yeye hakupita kimya. Alisimama akaniambia, "Jirani, shuka. Huyo mbwa ameshakula."

Kwa nini nilifanya hivyo? Mimi niliishia darasa la tano. Uliposema nyumba moja imepungua, niliona mlango wa chuo kikuu umeachwa wazi kidogo, nikaingiza mguu. Nilitaka walimu wako wasome kitu nilichoandika mimi.

Wiki ya nne ni ya kweli. Lakini kweli na uongo vimelala faili moja, na aliyevilaza ni mimi. Nimezirudisha kwa basi, zitupe zote. Nisamehe, mama.

Mjomba wako

12 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Huku wazima.

Nimezitoa karatasi zako na nimemweleza msimamizi kila kitu. Safari hii hakucheka. Jopo langu limesogezwa hadi Agosti ili nitafute nyumba nyingine, na nisipoipata narudia mwaka. Nimekasirika, na nimepanga kuendelea hadi Jumapili, kwa hiyo usinipigie simu.

Kinachoniuma zaidi si Agosti. Tangu nikiwa mdogo nilijua kuzichambua hadithi zako, hii ya kuchekesha, hii ya kweli, wala hukuwahi kunipoteza. Sasa nikisoma barua yako sijui nishike lipi. Niandikie jambo moja, si kwa ajili ya chuo, kwa ajili yangu. Ulishuka lini kwenye lile boneti, na ilikuwaje?

Mpwa wako

22 Mei

Mpwa wangu,

Hujambo? Jumapili imepita, lakini naandika nikiwa nimesimama karibu na mlango.

Nilishuka siku ya ishirini na mbili. Fundi cherehani alikuwa na haraka, hakumfunga mbwa. Kalamu ikaniponyoka. Mbwa akaja akainusa, akaiacha, akakaa kando yake. Nilibaki juu mpaka miguu ikafa ganzi. Nikashuka kwa sababu nilitaka kwenda msalani. Nilikuwa natetemeka. Hakunifanya kitu. Basi.

La pili. Nilimweleza fundi cherehani nilivyokuharibia. Alinisema kuanzia shingo ya gauni hadi pindo, kisha akaniambia nilete zile fomu za akiba ulizoniwekea, ambazo hazikujazwa. Ana miaka minne na huyo mbwa. Amejaza wiki ya kwanza, ametia sahihi yake, na bahasha ameifunga kwa gundi mwenyewe nisije nikaitia mkono. Niliwahi kuchungulia mstari mmoja: "Nimemwambia pisha. Amepisha." Mpwa wangu, huyo mama hana kipaji kabisa. Lakini mbwa ni wake.

Mjomba wako

31 Mei

Mjomba wangu,

Shikamoo. Hasira iliisha Jumamosi, nilishindwa kuifikisha.

Msimamizi amemkubali fundi cherehani. Nyumba zimetimia, na Agosti naingia kwenye jopo. Sasa nikusomee ambacho hukukichungulia. Siku zote saba ameandika maneno haya haya: "Saa kumi jioni hayupo. Amekwenda mwenyewe kwa jirani wa gereji. Nikimwita haji. Amerudi saa kumi na mbili na nusu."

Fundi cherehani hawezi kuandika asichokiona. Kwa hiyo tumeongeza ukurasa wa mtu wa pili, kwa saa hizo, kwa wiki tatu zilizobaki. Msimamizi amesema anamtaka yule aliyekuwa anatetemeka, si yule wa spana. Unaweza kunipatia huyo mtu?

Mpwa wako

9 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba. Mgongo unakusalimia. Huyo mtu nimempata, ni mgumu kidogo kufanya naye kazi. Ukurasa wake wa kwanza huu hapa, sikuunyoosha.

"Saa kumi na dakika tano. Amekuja. Nimemwambia amechelewa. Nilikuwa nimekaa chini nafunga nati za tairi, akalala juu ya mguu wangu wa kushoto. Mteja amekuja kuchukua gari. Nimemwambia asubiri, kuna kazi haijaisha. Hakukuwa na kazi. Mbwa alikuwa amelala. Tumesubiri wote wawili mpaka saa kumi na mbili. Hakuna kingine."

Mjomba wako