Flashi ya Shaaban na Eda ya Mama

Shaaban,

Naenda sokoni. Wali umo kwenye hotipoti, mchuzi upashe moto. Mama ale kwanza.

Ulinisifia ile makala ya video kwenye flashi yako, ya magofu ya Kisiwani: nzuri, Mama ataipitisha eda yake bila kuchoka. Wewe mwenyewe uliitazama mpaka mwisho? Nimeiwasha asubuhi, mara Baba huyo kwenye skrini! Baba tuliyemzika Mfungo Mosi, mzima, anawatembeza wageni, kofia imekaa upande. Mama alishika ukuta. Nikaizima, nikakutukana na hupo, mbele ya mjane. Umenitia aibu.

Mwekee tamthilia ya Kituruki, ile ya mawifi wanaogombana. Ya hospitali usiweke, ina mazishi.

~~Flashi nimeondoka nayo. Makala hiyo asiione tena.~~

Hayo nimeyakata. Sasa hivi Mama ameniita chumbani. Nilidhani analia, kumbe amekasirika, na aliyemkasirisha ni mimi. Kasema: “Umemzima baba yako katikati ya maneno. Tangu lini katika nyumba hii?”

Flashi iko chini ya karatasi hii. Mwache Baba amalize. Kaa na Mama.

Dada yako,
Hafsa