Kiti Kilichobaki Kitupu Alhamisi

Karmuz, Aleksandria
Machi 1911

Kwa shemeji yangu Desuki,

Pokea salamu zangu, na ninaomba zikukute mzima, maana uzima wako umetugharimu. Mimi sijambo. Tumbo linazidi kunitangulia mbele ya wateja, na mvi nazinyoa kabla watu hawajaziona.

Tangu tauni iingie mtaani, mimi kinyozi ndiye macho ya watu wa afya. Mbinu yangu unaijua, uliicheka mwenyewe: kila mwanamume wa Karmuz hunyolewa Alhamisi, tayari kwa sala ya Ijumaa. Asiyekuja, namfuata nyumbani. Nikikuta homa na mtoki, namwita daktari, na mgonjwa anapelekwa kwenye mahema ya karantini. Wamenilaani sana, lakini mtaa umeanza kupumua.

Kiti chako kilipobaki kitupu, dada yako Wahiba aliniambia umekwenda Damanhur kutafuta pamba. Sikukufuata. Nani anampeleleza kaka wa mkewe? Nilinung'unika tu kwamba hukuniaga. Njiwa wangu walipoanza kupungua nikamsingizia paka wa jirani, nikamtupia kiatu, maskini.

Juzijuzi Wahiba akaanguka kwa homa. Daktari akaniuliza amemgusa nani. Nikaapa kwamba mke wangu hatoki, ila hupanda juu ya paa kulisha njiwa. Daktari akanitazama.

"Fundi Mahrus," akasema, "pua yako inanusa tauni mtaa mzima, ikifika kwako inashikwa na mafua."

Tukapanda. Ndani ya banda la njiwa tulikuta godoro, mifupa ya njiwa, beseni langu la shaba la kunyolea, na ile tasbihi niliyokupa sikukuu ya Idi.

Walipokuwa wakimbeba Wahiba nilimuuliza kwa nini. Akanijibu kwamba uliogopa mahema, na kwamba Damanhur umekwenda baada ya kupona. Kisha akasema, "Ningekuambia, ungemtoa."

Ni kweli, ningekutoa. Lakini ningekuletea supu hukohuko mahemani, Desuki, na wembe wangu ningekuja nao. Badala yake mlinikalia juu ya kichwa, nami huku chini nikikuombea safari njema.

Homa ya Wahiba imeanza kushuka. Jana niliruhusiwa kusimama nje ya uzio nizungumze naye. Swali lake la kwanza lilikuwa kama nimepata habari zako.

Sasa lile ambalo nimelizungukazunguka tangu salamu: nimempa daktari jina lako. Kinyozi wa afya wa huko atakuja kukubishia hodi. Usipande paa la mtu. Mfungulie, naye awaangalie wote unaoishi nao.

Wasalimie hao waliokupokea, hawana kosa. Kiti chako kipo. Ukirudi nitakunyoa kama zamani, ila usinisimulie habari za Damanhur.

Ni mimi shemeji yako,
Mahrus, kinyozi wa Karmuz