Kiambatisho ni Picha Moja

Jumatatu, 3 Machi

Nimeomba kazi ya utarishi ofisi ya bima! Barua pepe nimeitunga mwenyewe — kidato cha pili si mchezo. Nikamalizia: "Bosi, vitu vyangu viko humo, chungulia." Bi Tona, mwenye steshenari, akacheka mpaka wateja wakageuka. Eti mwanangu, taja kilichomo, mtu asifungue kwa kubahatisha. Akaniandikia: "Tafadhali pokea nakala ya cheti changu, ukurasa mmoja, kama kiambatisho." Maneno ya kizee! Nikatuma hivyohivyo.

Jumatano, 5 Machi

Bima kimya. Kaka naye kimya, wiki ya tatu, huko kwenye ujenzi wa bwawa. Mama anauliza kutwa. Nikamwambia kaka kapata mchumba, katusahau. Akanirushia kandambili. Nikakwepa — mimi mwepesi bwana.

Ijumaa, 7 Machi

Steshenari, saa tano. Barua pepe ya kampuni anayofanyia kaka; anwani yangu ndiyo aliyowaachia. Mistari miwili tu. "Tazama kiambatisho. Ndugu mtu mzima athibitishe kabla ya Jumatatu."

Nikadhani mkataba. Nikafungua huku napiga mluzi.

Kaka. Macho yamefumbwa. Vumbi la saruji kwenye nyusi.

Bi Tona akafunika kioo cha kompyuta kwa daftari. Nyuma yangu mteja wa foleni akauliza, vipi, bado tu?

Jumamosi, 8 Machi

Mimi nina kumi na sita, sihesabiki. Mama ana presha. Bi Tona kashauri aanze kuambiwa dada, aje tumwambie mama pamoja. Dada anafundisha mbali. Nimempigia mara tatu. Akisema "Haloo, mtundu wangu," nakata.

Basi nikaandika. Nikafuta. "Tazama kiambatisho" — hapana, hata adui simwandikii hivyo! "Nimeambatisha picha ya kaka" — ataifungua akitabasamu.

Mwisho nikaweka hivi: "Dada, kaa chini kwanza. Kaka amefariki kazini. Kiambatisho ni picha moja, ya uso wake. Usiifungue ukiwa peke yako. Kampuni inataka uithibitishe kabla ya Jumatatu." Nikaisoma upya, neno kwa neno. Mimi! Nikatuma.

Nimefika nyumbani, meseji yake inaingia. "Nimesoma. Sijafungua. Niko njiani. Mama anajua?"

Mama yuko uani. Kafua shati la kaka, eti asije akarudi ghafla akakosa la kuvaa. Ananiita nikamshikie ncha ya kamba —